Yuro Ishirini na Nane za Kanisa

Kwetu mtu akisikia mshahara wa ng'ambo, kitu cha kwanza ni kuzidisha. Haulizi kazi yenyewe ikoje, haulizi baridi ya huko inauma kiasi gani. Anazidisha. Enzi za baba zetu ilikuwa dinari ya Kuwait, siku hizi ni yuro mara rupia tisini, na hata bibi asiyejua kuandika jina lake atakupa jibu kabla hujameza chai. Upande wetu wa Pala, kwenye mashamba ya mpira, nadhani watoto wanaijua hesabu ya mara tisini kabla ya mara saba.

Kosa la Tintumol lilianzia hapo, na wala si lake peke yake. Baba zetu walikwenda Ghuba. Ghuba ukiambiwa dinari mia mbili, mwisho wa mwezi unahesabiwa mia mbili, hakuna serikali inayotia mkono mfukoni mwako. Miaka hamsini ya Ghuba ikatufundisha kwamba mshahara ni ule ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo siku wakala mmoja mwenye tai alipoandika ubaoni, kwenye ukumbi wa kukodi pale Kottayam, 2,900 mara 90, wauguzi zaidi ya mia walishusha pumzi kwa pamoja. Laki mbili na elfu sitini na moja za rupia kila mwezi! Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza zinabaki ngapi.

Mimi sikuwepo ukumbini. Nilikuwa tayari Ujerumani, mwaka wangu wa nne, katika mji mdogo wenye hospitali moja na mvua isiyo na adabu, inayonyesha bila kumaliza. Naitwa Jaicy. Nyumba ya kina Tintu na yetu zinatenganishwa na kisima na miti kumi na mitano ya mpira, na baba yangu, Pappachan, alikuwa msakristia wa kanisa letu kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kengele, kufua kanzu za madhabahu na kumfungulia paroko barua. Mkumbukeni, maana atarudi.

Tintu alifiwa na mumewe akiwa na miaka ishirini na minane. Pikipiki, barabara ya utelezi, basi. Akabaki na mtoto mmoja, Chinnu, na mama yake mzazi ambaye sote tunamwita Ammachi. Alipopata kazi ya Ujerumani alikuwa na miaka thelathini na miwili na mtoto ana saba. Mpango ulikuwa mmoja tu, na aliurudia mpaka tukauchoka: aende, apate nafasi, amchukue Chinnu kabla shule zetu hazijafunguliwa mwezi wa Juni. Kwa nini Juni? Kwa sababu miguu ya Ammachi ilikuwa inavimba na ngazi za kisimani zilikuwa zimemshinda. Na Shibu, kaka yake Tintu, mtu wa maneno machache na mkono mgumu, alikuwa ameshasema Juni ikifika mtoto anakwenda bweni la masista, na akienda hatoki mpaka amalize darasa la kumi.

"Sikumzaa ili aoshwe nywele kwa zamu bwenini," Tintu aliniambia kwenye simu.

Alifika Agosti, akakaa nami katika nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko moja. Siku ya tatu nikampeleka ofisi ya mji kuandikishwa makazi. Kijerumani chake cha darasani kilikuwa kizuri, lakini kijana wa dirishani aliongea kwa haraka, nikawa namsaidia kutafsiri. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mjane. Kisha akauliza dini, na kabla sijafungua mdomo Tintu akashika medali yake shingoni na kujibu kwa sauti ya mtu anayeitwa jina lake shuleni: "Katoliki!"

Kijana akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu na Tintu, goti langu likigusa goti lake. Ningeweza kulibonyeza.

Niseme sasa hivi, nisije nikaonekana mjanja baadaye. Miaka minne kabla, kwenye kiti hicho hicho, mimi nilisema sina dini. Mwenzangu mmoja wa wodini alikuwa amenionya kwamba jibu la swali lile lina bei. Kusema "sina" kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Tangu siku hiyo sikukatwa hata senti ya kanisa, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, padri wetu akija kutusomea misa kwa lugha yetu ya Kimalayalam, mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo. Binti wa msakristia! Ningemwonya Tintu ningelazimika kumwambia nilivyojua. Nikanyamaza, na moyoni nikajidanganya kwamba yuro ishirini na kitu ni kitu gani.

Hati yake ya kwanza ya mshahara wa mwezi mzima ilitoka mwisho wa Septemba. Tulikuwa tumetoka zamu ya asubuhi, mimi natoa samaki magamba, yeye amesimama mlangoni na viatu vyake.

"Dada Jaicy, hebu njoo uone. Wamekosea."

"Hawa hawakosei."

"Wamekosea nakwambia! Juu hapa elfu mbili mia tisa. Chini elfu moja mia tisa sitini. Mia tisa na arobaini zangu ziko wapi, zimekwenda kuoga?"

Nikapangusa mikono, tukaketi. Kodi ya mshahara, mia tatu na kumi na nane. Hiyo aliipokea kwa kuguna. Pensheni, mia mbili sabini kasoro kidogo.

"Pensheni ya nani? Mimi nina miaka thelathini na miwili."

"Yako, ukizeeka."

"Na hii?"

"Bima ya afya."

"Na hii nyingine?"

"Ya kuuguzwa uzeeni, siku usipoweza kujiosha."

"Jamani! Si mimi ndiye ninayewaosha? Naosha, halafu nalipia?" Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko kilipokwisha hakubaki na kitu usoni. "Dada, nimeshamwahidi Shibu rupia elfu themanini kila mwezi za kulipa mkopo wa safari. Nimezidisha mara tisini. Mara tisini ya ile ya juu."

"Sote tulizidisha ile ya juu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikiliza? Wakala alikuwa na tai."

Hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimefika mstari wa mwisho. "Na hii ishirini na nane na senti sitini?"

"Ya kanisa."

"Sadaka?"

"Kodi."

"Kodi! Nani kawaambia mimi ni wa kanisa gani?"

"Wewe. Siku ile dirishani."

Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Nilidhani wananiuliza ili nikifa wajue wamwite padri gani," akasema. Kisha akaniuliza: "Na wewe wanakukata?"

Maji ya samaki yalikuwa bado yananinata vidoleni.

"Sote tunakatwa," nikamjibu.

Basi. Uongo ni huo, maneno mawili, na nikarudi kwenye samaki wangu. Tukala, na akasifu mchuzi.

Novemba tukaenda ofisi ya wageni kuomba kibali cha mtoto. Bibi aliyetupokea, Bi Hölscher, alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na kalamu ya kijani. Wala hakuwa mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, tungepata wa kumchukia. Alijumlisha kodi ya nyumba, matumizi ya watu wawili, akapata namba: mkononi, baada ya makato yote, Tintu lazima abakiwe na elfu moja mia tisa na themanini. Kila mwezi bila kupungua, siyo mwezi mmoja mmoja. Alikuwa na elfu moja mia tisa na sitini.

"Yuro ishirini," Tintu alisema. "Nitaacha kunywa chai."

"Siangalii unachotumia," Bi Hölscher alimwambia, na mimi natafsiri. "Naangalia kinachoingia."

"Zamu za ziada?"

"Zinabadilikabadilika. Sizihesabu."

"Basi subirini. Mtoto akifika, si serikali inatoa posho ya mtoto?"

"Inatoa. Tena mtoto akishaandikishwa nyumbani kwako, utawekwa daraja jingine la kodi, la mzazi aliye peke yake. Utakatwa kidogo zaidi. Utakuwa na za kutosha na kubaki."

Tintu alinigeukia, akasema kwa lugha yetu, polepole, ahakikishe amesikia vizuri. "Chinnu akija nitakuwa na pesa za kumleta?"

"Ndivyo."

"Na kwa sababu hajaja, sina pesa za kumleta?"

"Ndivyo."

"Dada, hawa watu wana akili kweli, au wanaogopwa tu?"

Bi Hölscher alituacha tumalize. Kisha akaivuta ile hati, akashuka na kalamu yake ya kijani mpaka mstari wa mwisho, akaugonga mara mbili. "Makato mengine yote ni ya lazima," alisema. "Hili si la lazima. Ukitoa tamko la kutoka kanisani, ishirini na nane zinarudi kwako. Nakwambia tu, uamuzi si wangu." Alisema hivyo kama anavyosema mtu anayekuonyesha duka la bei nafuu.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi la nje, mvua ikitupiga miguuni. Alikwishamwomba mkuu wa wodi nyongeza, akaambiwa mwakani. Alikwishatafuta chumba cha bei rahisi zaidi, hakuna. Juni ilikuwa miezi saba mbele, na ofisi ilitaka hati za miezi miwili zenye namba sahihi kabla ya kuanza kushughulikia lolote. Nilijua anafikiria nini. Alikuwa anaizungusha ile medali kwenye mnyororo wake.

"Dada Jaicy," alisema bila kunitazama. "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, nami ninaikumbuka nafasi hiyo kuliko siku yangu ya Komunyo ya Kwanza. Ningesema: mimi nilishafanya, tena bila mtoto, kwa ubahili tu. Angekuwa na mwenzake wa kubeba naye. Badala yake nikatoa neno zuri la kanisani.

"Mungu anasoma moyo, hasomi hati ya mshahara."

Aliiachia medali. "Haya," akasema.

Alikwenda peke yake mahakamani, ambako ndiko tamko la kutoka kanisani hutolewa, wiki ya pili ya Desemba. Mimi nilisema nina zamu, na sikuwa na zamu. Aliporudi alikaa jikoni na koti lake, akaniambia hata kutoka kuna ada, yuro thelathini, na karani alimwuliza ana haraka ya stakabadhi au itumwe. Baada ya hapo hakuanzisha tena sala kabla ya kula. Alisubiri nianzishe mimi. Kila siku nilianzisha, na kila siku nilitamani chakula kinikwame.

Lakini mambo yalikwenda. Hati ya Januari ikatoka na mstari wa mwisho mtupu, na chini yake elfu moja mia tisa themanini na nane na senti zake. Ya Februari hivyo hivyo. Bi Hölscher akapiga mhuri. Kwenye simu ya video Chinnu akawa anatuhesabia kwa Kijerumani, moja hadi ishirini, akiruka kumi na saba kila mara, na Ammachi nyuma yake anasaga nazi na kujifanya hasikii. Aprili viza ikapatikana. Tintu akakata tiketi ya Mei, akanunua kitanda kidogo cha mbao, tukakifunga pamoja na skrubu mbili zikabaki, mpaka leo hatujui ni za wapi. Nikaanza kuamini kwamba uongo wangu umezeeka na kufa wenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa safari ya barua moja.

Sikujua, na Tintu hakujua, kwamba mtu akitoka kanisani kule, parokia ya kule inaiandikia parokia alikobatizwa, ili pembeni ya jina lake kwenye daftari la ubatizo liandikwe neno hilo. Barua ilitoka Ujerumani, ikavuka bahari, ikapanda kilima chetu kwa tarishi, ikafika ofisi ya paroko. Na barua za paroko anazifungua nani?

Baba alinipigia simu siku hiyo hiyo. Hakuanza na habari za afya.

"Jaicy, umesikia alichofanya binti wa Mariakutty?" Mariakutty ndiye Ammachi. "Amemkana Yesu kwa maandishi! Iko hapa, ina mhuri. Nimemwonyesha Padri. Na wewe unakaa naye nyumba moja. Hukuona?"

"Baba, ni mambo ya kodi tu."

"Wewe si unalipa hiyo kodi?"

Nilimwambia mtandao unakatika.

Na mnaona jinsi mambo yalivyo. Tintu alisema kweli dirishani, ndiyo maana alikuwa na mlango wa kutokea, na aliyetoka mlangoni aliandikwa. Mimi sikuingia kwenye daftari lao hata mara moja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuandika kwamba nimetoka. Pale kijijini jina langu lilikuwa safi kama kanzu alizofua baba.

Padri, nimtendee haki, hakutangaza kitu madhabahuni. Alitaka kumwita Tintu akija, wazungumze. Lakini kilima chetu hakihitaji madhabahu. Kufikia Jumapili Ammachi alikuwa ameambiwa na watu wanne, wa mwisho akimletea na fenesi kama rambirambi.

Mei tukasafiri pamoja, mimi likizo, Tintu kumchukua mtoto. Tulifika saa nne asubuhi. Shibu hakuja kutupokea. Kesho yake, kama saa tano, Tintu akanijia kwa njia ya kisimani, macho yamevimba.

"Ammachi amekataa. Pasipoti ya Chinnu ameifungia kabatini na ufunguo ameufunga kiunoni. Anasema mtoto haendi kwa mtu asiye na kanisa. Dada, ndege ni Alhamisi. Njoo uongee naye. Wewe anakusikiliza."

Anakusikiliza! Nilikwenda. Na baba akatufuata, bila kuitwa, na shati lake jeupe la kanisani, maana alijiona ana lake la kusema.

Ammachi alikuwa barazani, miguu ameiweka juu ya kigoda, imevimba kweli kweli, inang'aa. Chinnu alikuwa kwenye ngazi akipanga mbegu za mpira kwa safu, masikio yako kwetu. Tulipewa chai. Hakuna aliyeinywa.

"Ammachi," nikaanza, "ni karatasi tu ya serikali. Imani yake iko palepale."

"Karatasi." Alilizungusha neno mdomoni. "Babu yake alitembea siku mbili na maiti ya mtoto wake mgongoni ili azikwe kwenye ardhi ya kanisa. Angejua ni karatasi tu, angemzika kwenye mihogo." Akamgeukia binti yake. "Ilikuwa pesa ngapi?"

"Yuro ishirini na nane, Ammachi."

"Rupia?"

Tintu akaanza kuzidisha. Kisha Chinnu, kutoka ngazini, kwa sauti ndogo: "Elfu mbili na mia tano na ishirini."

"Elfu mbili," Ammachi akasema, na sauti ikamvunjika. "Ungeniambia! Ningeuza mbuzi. Ningekutumia mimi kila mwezi. Kwa elfu mbili umenifanya nishindwe kumtazama mtu machoni kwenye misa!"

"Nilimtaka mwanangu, Ammachi."

"Hata Jaicy yuko huko huko! Mji huo huo, kazi hiyo hiyo. Mbona yeye analipa? Mbona yeye hakuuza?"

Baba alikaa sawa kwenye kiti, akanikodolea macho kwa fahari. Niliona fahari ile, na ninaiona mpaka leo.

Tintu hakunitazama. Alikuwa anatazama vidole vyake. "Dada Jaicy ana nguvu kuliko mimi, Ammachi," akasema. "Watu hatulingani."

Sikupanga. Watu wakinisifu kwamba nilikuwa jasiri huwa nawakatalia, maana jasiri angesema mwezi wa Septemba na mikono yenye magamba ya samaki. Mimi nilisema kwa sababu aibu ilinijaa ikawa haina pa kwenda.

"Ammachi, mimi sijawahi kulipa hata senti moja. Siku ya kwanza nilipoulizwa dini, nilisema sina. Tintu alisema anayo. Alikuwa hajui bei yake, lakini alisema. Mimi nilikaa pembeni yake nikamwacha, kisha nikamdanganya kwamba nalipa. Sina mtoto niliyekuwa namlipia kibali. Nilitaka tu pesa yangu."

Baba alisema, "Jaicy." Mara moja tu, kama anaita kumwuliza kama niko nyumbani.

"Ni kweli, baba."

Alisimama. Alijipapasa mfukoni akatoa rundo la funguo za kanisa, akaliangalia, akalirudisha. Akashuka ngazi akipita pembeni ya safu za Chinnu asizivuruge, akashika njia ya kanisani. Ilikuwa inakaribia saa sita, nami nilidhani anawahi kengele.

Tulikaa. Ammachi alikuwa ameshashika rozari, anangoja, kama alivyongoja kila adhuhuri ya maisha yake, kengele ilie aanze Malaika wa Bwana. Saa ya ukutani ikapiga saa sita. Tukasikiliza. Kuku, redio ya jirani, basi likipanda kilima. Robo saa ikapita. Kwa miaka thelathini na mmoja kengele ile haikuwahi kuchelewa, hata siku mama yangu alipofariki.

Ammachi akaelewa kabla yangu. Aliweka rozari mapajani. "Masikini Pappachan," akasema. Akamtazama Tintu, akanitazama mimi, na sikuona hasira tena, niliona mwanamke mzee aliyechoka. "Kumbe mlikuwa wawili kule, na kila mmoja peke yake." Kisha akafungua fundo la kiunoni, akautoa ufunguo, akamwita mjukuu wake. "Chinnu. Kafungue kabati. Lete na ile sweta ya bluu, huko ni baridi."

Tulipokuwa tunarudi kwa njia ya kisimani Tintu alinishika kiwiko. "Nilijua tangu Oktoba," akasema. "Niliokota hati zetu zote mbili kwenye kisanduku cha barua. Bahasha yako ilikuwa wazi."

"Na ukaniuliza pale kwenye benchi?"

"Nilitaka uniambie wewe."



Chinnu yuko nasi Ujerumani mwaka wa pili sasa. Kumi na saba hairuki tena. Tintu amewekwa lile daraja jingine, anabaki na za kutosha, na kila mara anasema atakwenda kujirudisha kanisani, kisha anasema bado, kuna kitu kinamzuia. Simsukumi. Mimi niliporudi Ujerumani nilikwenda dirishani wiki hiyo hiyo, nikamwambia yule kijana aandike Katoliki. Aliniuliza kama ninajua maana yake kwenye mshahara. Nikamwambia najua.

Mimi wananikata yuro thelathini na tano. Baba alimkabidhi Padri funguo siku ile ile ya kengele, akamwambia sababu yeye mwenyewe, na Padri alipomsihi azirudishe alikataa. Kengele sasa inapigwa kwa swichi ya umeme. Kila mwisho wa mwezi naipiga picha hati yangu ya mshahara, mstari wa mwisho uonekane vizuri, namtumia kwenye simu. Alama mbili za bluu zinatokea, kwa hiyo najua ameiona. Nimeshamtumia kumi na tisa. Hajajibu.